Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kufuta Gundam

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mama yako ameniambia mitihani imekwenda vizuri na sasa uko likizo, nimefurahi sana. Ujumbe wako niliupata juzi usiku. Nimeamua kukujibu hapa hadharani kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na kwa sababu najua wapo vijana wengi waliopakua Gundam Battle Operation 2, gemu la mtandaoni la vita vya maroboti, wakakata tamaa pale pale ulipokata wewe.

Uliniandikia hivi: "Anko, roboti lenyewe zito, nikiguswa tu naanguka, nalifuta leo." Nakuomba usilifute kwanza. Uzito huo unaoulalamikia ndio gemu lenyewe. Ukiuondoa, kinachobaki ni gemu la risasi kama mengine unayoyajua, tofauti yake ni kwamba askari amevalishwa chuma.

Na hilo la askari aliyevalishwa chuma lilishajaribiwa. Bandai Namco walitoa Gundam Evolution mwaka 2022. Lilikuwa la watu 6 kwa 6, unaona kwa macho ya roboti, kila kitu kinakwenda mbio. Watu waliolipenda wapo, nami sitawabeza, lakini kufikia mwisho wa Novemba 2023 lilikuwa limefungwa. Battle Operation 2 lilianza Japani kwenye PlayStation 4 mwaka 2018, likafika nchi za Magharibi mwaka 2019, na mwaka 2023 likaingia kwenye kompyuta kupitia Steam, duka la magemu la mtandaoni. Lilikuwepo kabla ya mwenzake wa mbio na likabaki baada yake. Mimi naamini sababu kubwa ni kwamba waliolitengeneza waliiangalia kwa makini katuni ya Gundam ambayo gemu limetokana nayo.

Kwa hiyo tuanzie kwenye katuni, maana najua hujaiona.

Tarehe 7 Aprili 1979 televisheni ya Nagoya, Japani, ilianza kuonyesha Mobile Suit Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino. Kabla yake, roboti kubwa kwenye katuni nyingi za Kijapani lilikuwa shujaa wa kila wiki: linatokea zimwi jipya, linapigwa, watu wanashangilia. Tomino na wenzake wa studio ya Sunrise wakaligeuza roboti kuwa zana ya jeshi. Linatoka kiwandani, linaishiwa risasi, linarudi kutengenezwa, na anayeliendesha anachoka, anaogopa, anakataa kazi. Watoto wa wakati huo hawakuipokea haraka. Ilipangwa iwe na sehemu 52, ikakatishwa kwenye ya 43, Januari 1980. Iliokolewa na marudio, na vifaa vya plastiki vya kuunganisha ambavyo Bandai walianza kuviuza mwaka huo huo wa 1980, kisha filamu tatu zilizofuata.

Nikusimulie sehemu ya kwanza tu. Amuro Ray ana miaka 15, anapenda mashine kuliko watu, na anaishi Side 7, koloni lililojengwa angani. Jeshi la Zeon, lililo vitani na Shirikisho, serikali ya dunia, linaingia na mashine zake aina ya Zaku. Watu wanakufa mbele ya macho yake. Anakimbilia Gundam, roboti la siri la upande wa Shirikisho ambalo baba yake ni mmoja wa wahandisi waliolishughulikia, anaketi kwenye kiti cha rubani na kitabu cha maelekezo mkononi. Zaku ya kwanza anaikata kwa upanga wa mwale. Mtambo wake wa nyuklia unalipuka, na mlipuko ule unatoboa ukuta wa koloni. Hewa inafyonzwa kwenda nje, na baba yake anatupwa angani pamoja nayo. Inabaki Zaku ya pili. Sasa Amuro analazimika kufikiri kwa sekunde chache: asiikate ovyo, aichome chumba cha rubani pekee ili isilipuke. Yaani ili awaokoe jirani zake, lazima amlenge mtu aliyemo ndani.

Hiyo ni dakika ishirini na kitu za kwanza za hadithi, tena kipindi cha watoto cha Jumamosi jioni. Tangu pale kila silaha ina gharama yake, na huwezi tena kuliangalia lile roboti jeupe kama toy. Baadaye Amuro anagoma kabisa kupanda, na kapteni wake, Bright Noa, anampiga makofi ili atoke kitandani. Huyo kapteni mwenyewe ana miaka 19. Karibu na umri wako, mpwa wangu, na amekabidhiwa meli ya kivita iliyojaa wakimbizi.

Sasa rudi kwenye gemu lako ukiwa na hilo kichwani. Gundam la Amuro lina urefu wa mita 18, na likiwa na silaha zake zote linakadiriwa kuwa na tani 60. Huko Yokohama walijenga moja la ukubwa huo huo lililokuwa likitembeza viungo vyake mbele ya watazamaji, kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2024. Tafuta video zake. Lilikuwa na tani 25 tu, limeshikiliwa na mhimili kwa nyuma, na bado kunyanyua goti lilichukua muda wake, polepole, chuma juu ya chuma. Angalia mara moja, halafu rudi ucheze. Utaona kwamba roboti lako linakwenda kasi kuliko inavyostahili!

Nimeangalia zile klipu ulizonitumia. Unaruka mno. Unabonyeza kitufe cha injini za kurukia mpaka zinachemsha, na zikichemsha umebaki umesimama katikati ya barabara, huna pa kukimbilia. Halafu ukitua kutoka juu roboti linaganda kitambo kidogo kabla halijakutii tena, na wachezaji wazoefu wanaingojea nukta hiyo. Tembea. Jifiche nyuma ya majengo. Tumia injini kwa vipande vifupi na uache joto lishuke.

Jambo la pili ni huko kuanguka kwako. Hakuna uchawi. Mwenzio anakupiga kwa bazuka, roboti lako linapepesuka, na kabla hujatulia ameshakufikia kwa upanga na kukulaza chini. Bazuka kisha upanga, ndio mpangilio wa kwanza ambao kila mtu anaujifunza, na wewe unaweza kuwafanyia wao. Chukua mashine ya kawaida yenye bazuka, ingia kwenye uwanja wa mazoezi, urudie mpaka vidole vizoee. Usisumbukie mashine kali kwa sasa. Ukijua kuitumia GM, mashine ya kawaida ya Shirikisho, au Zaku, hizo nyingine zitakutii.

Pia angalia unapigwa wapi. Ukivunjwa kichwa, rada yako inakwenda. Ukivunjwa miguu, unachechemea mpaka utengenezwe au ufe. Na upanga wako hauchagui: mwenzako akiwa kwenye njia yake, naye anapepesuka, adui anammalizia, na kosa ni lako. Nilipoligundua hili kwa mara ya kwanza nilimkumbuka Amuro na ule ukuta wa koloni. Sijui kama waliolitunga gemu walikuwa na nia hiyo, ila mimi nalicheza nikiwa na wazo hilo, na limenifanya niwe mwangalifu na watu wa timu yangu.

Kingine ambacho hujakielewa ni kwamba mashine zimegawanywa makundi matatu. Wapo washambuliaji, wapo wasaidizi wanaopiga kutoka mbali, na wapo wa kazi zote. Mshambuliaji humwonea msaidizi, msaidizi humwonea wa kazi zote, naye wa kazi zote humwonea mshambuliaji. Wewe unachukua mashine ya kazi zote kisha unakwenda kumtafuta msaidizi wa adui umfuate mpaka mwisho wa ramani. Huyo ndiye anayekuumiza kuliko wote! Kazi yako ni ya kiungo mkabaji: unasimama mbele ya msaidizi wako, unawazuia washambuliaji wanaomjia, unawapa wenzako nafasi. Hutaongoza kwenye orodha ya waliolipua mashine nyingi, lakini timu itashinda, na watu watataka kucheza na wewe tena.

Na unaweza kushuka. Hilo halipo kwenye magemu mengi ya aina hii, na mimi ndilo ninalolipenda kupita yote. Unabonyeza, rubani wako anatoka, anasimama chini na miguu yake miwili, na ghafla unaona zile mashine zilivyo kubwa. Kwa miguu unaweza kuteka vituo, unaweza kuitengeneza mashine iliyoumia, unaweza kujipenyeza mpaka kambi ya adui ukatege bomu. Nimewahi kuona mechi iliyoonekana imekufa ikigeuzwa na mtu mmoja aliyeshuka, akapita nyuma ya kila mtu wakati wenzake watano wanapigana katikati, akatega bomu akajificha. Mchezaji asiyejulikana, hana mashine ya bei.

Hapa nina neno moja juu ya kwetu. Wewe na mimi tumekulia Moshi, tumeamka na ule mlima dirishani. Kuna mfululizo wa pili, Zeta Gundam, ulioanza Machi 1985. Ukifika sehemu ya 35 na ya 36, kaa vizuri. Kikosi katili cha Titans kina ngome yake Kilimanjaro, na vita vinapigwa kwenye theluji ya mlima wetu. Pale ndipo anapofia Four Murasame, msichana aliyefanyiwa majaribio maabara mpaka akapoteza kumbukumbu zake, jina lenyewe likiwa namba yake tu, nne. Amewekwa ndani ya Psycho Gundam, dude la mita 40, na anakufa akimkinga Kamille, kijana aliyetumwa kupigana naye. Baada ya hapo hadithi inahamia Dakar, Senegal, ambako Char, adui mkubwa wa Amuro katika mfululizo wa kwanza, anasimama mbele ya bunge la Shirikisho na kuwaeleza ukweli wa Titans, dunia nzima ikitazama.

Sitakudanganya kwamba Tomino alikuwa anatuandikia sisi. Mlima umetumika kama ngome ya jeshi, si zaidi. Lakini nilipolisikia jina Kilimanjaro likitamkwa na wale waigizaji wa Kijapani, nilijikuta nimeinuka kwenye kiti. Na nilipomwona yule binti amelala amekufa kwenye theluji, nililia. Nataka na wewe uione kabla hujasema tena kwamba Gundam ni maroboti tu yanayogongana.

Sasa pesa. Hapa nitasema kama mjomba, na naomba unisikilize. Gemu ni la bure, na linaishi kwa bahati nasibu: unanunua tokeni, unavuta, unaombea mashine mpya itoke. Taa zinawaka, sanduku linafunguka, moyo unadunda. Utaratibu huo umetengenezwa na watu wenye akili nyingi ili mkono wako uende kwenye mkoba. Mimi naona ni ubaya wa gemu hili, na kulipenda kwangu hakunizuii kulisema. Usiweke hata senti ya ada yako pale. Unapata tokeni kidogo kidogo kwa kuingia na kutimiza kazi unazopewa, na zipo pointi unazozipata kwa kucheza ambazo zinanunua mashine dukani moja kwa moja, kwa sababu mashine nyingi za bahati nasibu huishia kuingizwa dukani humo baada ya muda. Inahitaji subira. Mwenzio aliyenunua mashine ya jana kwa pesa bado atapepesuka kwa bazuka yako ya bure.

Na ukishindwa mechi tano mfululizo, zima, nenda katembee. Kuna watu wamo humo tangu 2018, wanazijua ramani kwa usingizi. Kushindwa nao si aibu. Baada ya mechi angalia nani alikaa mbele ya nani, nani alimfuata nani, na wapi timu ilitawanyika. Mara nyingi utakuta timu iliyoshindwa ilitawanyika dakika ya kwanza tu, kila mmoja amekwenda kutafuta utukufu wake.

Nimalizie na ombi. Tazama sehemu tatu za kwanza za ile ya 1979. Michoro ni ya zamani, vumilia. Halafu Jumapili jioni nitakuwa hewani kuanzia saa mbili. Fungua chumba cha gharama ya 300 (hicho ni kiwango cha mashine zinazoruhusiwa, si pesa), usiweke neno la siri ili na wengine waingie. Wewe chukua GM, mimi nitachukua GM Cannon, mashine ya msaidizi, na kukaa nyuma yako. Washambuliaji watanijia mimi, kwa hiyo usiende mbali, na ukiniona nimeshuka kwenye mashine kwenda kutega bomu, waweke bize.

Msalimie mama yako na bibi.

Mjomba wako