Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo: picha zetu zinauza, sisi tunachangishana nauli

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Najua AFCON ya 2027 inawakimbiza hapo wizarani ila naomba dakika mbili tuongelee sisi tunaocheza vyuoni hapa Dar, maana huwa tunakumbukwa siku ya kukabidhi kombe tu.

Nianze na Hasheem Thabeet kwa sababu ni wa kwetu. Katoka hapa hapa Dar, kaenda Marekani kacheza kikapu University of Connecticut misimu mitatu, watu wanajaa, mechi zinarushwa kwenye TV, kocha analipwa zaidi ya dola milioni kwa mwaka, yeye kwa sheria za wakati huo za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, ni skolashipu basi. Mpaka 2009 alipochaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA, pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua wachezaji wapya, ndo akaanza kula jasho lake.

Wenzetu wameshabadilika. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kuingiza hela kwa jina na sura yake, na Juni 2025 mahakama ikapitisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, kama dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliocheza kuanzia 2016 (Thabeet hayumo, pole yake) na chuo kinaweza kugawia wachezaji wake mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Ila dogo wa Kitanzania akienda leo na viza ya mwanafunzi bado anabanwa kwenye hizo dili, hilo muulizane na wenzenu wa Mambo ya Nje.

Sasa msije mkaniambia hatuna hela za Marekani, nani kaomba mamilioni? Kuna kampuni, jina naliacha, ilidhamini bonanza la vyuo wakampiga picha pointi gadi wetu, baadaye tunamuona kwenye bango la barabarani kajaa tele na hakuna aliyemuuliza. Kwenda kwa mhusika wa michezo chuoni akajibiwa "si umepata umaarufu wa bure". Huku sisi tunachangishana nauli ya daladala kwenda kwenye mechi, na jezi tukimaliza tunazirudisha na jasho lake zinahesabiwa moja moja kama vijiko vya shughuli. Ukiumia goti ndo balaa, kipimo unalipia kwa bumu (hela ya mkopo wa chuo), bumu lenyewe la kula na halijatoka.

Eti tukilipwa tutasahau masomo. Mbona wanaoendesha boda usiku ili wale hamuwaambii hivyo?

Ninachoomba ni kanuni tu. Baraza la Michezo la Taifa (BMT) lipo kwa sheria tangu 1967, hata hatuhitaji chombo kipya. Mashindano ya vyuo yakipata mdhamini, mkataba uoneshe fungu la wachezaji, na sio posho ya soda. Sura ya mtu isiende kwenye tangazo kabla hajasaini na kulipwa. Aliyeumia kwenye mechi atibiwe na mwandaaji, na hili kwangu ndo la kwanza kabisa, hata hayo mengine yakichelewa.

Na kama wizara inaona haiwezekani mtujibu kwa maandishi na sababu zake, ili msimu ujao mdhamini akija na kamera tujue kama tunasimama au tunakaa pembeni.