Unga wa bakteria hautatuondolea kero ya majitaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisikitisha kila masika yanapokaribia. Mtaani kwetu hupita wauzaji wa unga unaosemekana kuwa na bakteria wa kumaliza kinyesi, na wapo wenye nyumba wanaoununua wakiamini kwamba hawatahitaji tena gari la kunyonya majitaka. Mvua zikianza, makaro yao hufurika kama ya wengine, na baadhi huishia kutapisha vyoo usiku, uchafu ukateremkia Mto Msimbazi.

Bakteria hawajawahi kutupungukia. Wamejaa chooni na wamejaa ardhini. Mwaka 1877 wanasayansi wawili wa Ufaransa, Schloesing na Müntz, walipitisha majitaka polepole katika bomba refu lililojazwa mchanga na mawe ya chokaa. Kwa siku 20 hivi amonia, kemikali yenye harufu kali itokanayo na mkojo na kinyesi, ilitoka kama ilivyoingia, kisha ikaanza kugeuka kuwa naitreti, yaani chumvi ya nitrojeni inayoyeyuka majini. Walipoingiza mvuke wa klorofomu, kemikali inayolemaza viumbe hai, kazi ilisimama, na ilirejea baada ya kuuondoa na kumimina maji yenye udongo kidogo. Wasafishaji, kumbe, walikuwa viumbe hai wa udongoni, ambao walihitaji hewa, muda na mahali pa kushika. Shimo la choo halina hewa hiyo, hata tukimwaga pakiti ngapi za unga. Nasi huwaua hao waliomo kwa kumimina dawa za klorini kila wiki.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetafiti kwa miaka mingi mabwawa ya kokoto yaliyopandwa matete. Majitaka yaliyokwisha kutuama kwenye karo hupita taratibu katikati ya kokoto, ambako bakteria walioshika mawe na mizizi huyala machafu yaliyoyeyuka. Karibu na mizizi kuna hewa kidogo, hivyo amonia hugeuzwa naitreti. Pasipo hewa, bakteria wengine huigeuza naitreti hiyo kuwa gesi ya nitrojeni. Hatua hii ya pili ina uzito mkubwa kwetu tunaochota maji ya visima, kwa kuwa naitreti nyingi ni hatari kwa watoto wachanga. Kwa sababu hiyo hiyo, bwawa lijengwe kwa sakafu isiyovuja, hasa mabondeni ambako maji ya ardhini yako karibu, na karo lililo mbele yake linyonywe kwa wakati, la sivyo tope litaziba kokoto.

Naiomba halmashauri ianze kwa kujenga bwawa kama hilo katika shule moja tu ya msingi ya kata yetu, maji yapimwe yanapoingia na yanapotoka, na majibu yabandikwe kila mwezi kwenye ofisi ya kata ili wazazi wayasome.

Wako,
Mkazi wa Vingunguti,
Dar es Salaam