Kwa nini maabara ya chuo kikuu iliirudisha chupa yako

Simu ya namna hii haipiti wiki hatujaipokea. Mteja amechota maji ya kisima chake kwenye chupa ya soda, chupa yenyewe ameiosha kwa sabuni mpaka inang'aa, akaipeleka kwa mkono wake kwenye taasisi ya utafiti wa sayansi ya chuo kikuu. Pale mapokezi kijana mwenye koti jeupe ameigeuzageuza, akauliza maji yamechotwa saa ngapi, kisha akasema hawezi kuipokea. Sasa mteja anatupigia akiwa amefura: "Mimi nina maji, wao wana mashine, shida iko wapi?"

Shida iko kwenye chupa. Nyingine iko kwenye kalenda ya taasisi, na hiyo ndiyo watu hawaambiwi.

Sisi hatuna maabara. Kazi yetu ni kuchota sampuli za maji na udongo kwa niaba ya wateja, kuzifikisha kwenye maabara za vyuo vikuu zikiwa katika hali inayokubalika, na majibu yakitoka kukaa na mteja tukayasoma pamoja. Kwa hiyo riziki yetu inategemea kuzijua tabia za taasisi hizi. Tumezizoea kiasi kwamba mara nyingi tunamtetea yule kijana wa koti jeupe, jambo ambalo halimfurahishi mteja hata kidogo.

Tuanze na chupa

Kipimo kinachoombwa kuliko vyote ni cha vijidudu vya kinyesi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hapo hauna mjadala: katika mililita 100 za maji ya kunywa, bakteria wa E. coli asionekane hata mmoja. Kwa kiwango kikali namna hiyo, kidole kimoja kilichogusa ndani ya kifuniko kinatosha kuharibu kazi yote. Ndiyo maana chupa za maabara huchemshwa kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika 15, kabla hazijatoka. Chupa yako ya soda, hata ukiiosha mara saba, haijafika huko.

Halafu kuna ule unga. Chini ya chupa ya maabara utaona chembe nyeupe za thiosulfeti ya sodiamu, ambazo kazi yake ni kuizima klorini. Isipozimwa, klorini itaendelea kuua vijidudu njiani, humohumo ndani ya chupa, na maji yaliyotoka bombani na wadudu wake yatafika maabara hayana kitu. Utapewa majibu mazuri ya maji mabaya. Mteja wetu mmoja aliuona unga ule akadhani ni uchafu, akaisuuza chupa mara tatu kwa nia njema kabisa. Tukarudi kesho yake na chupa nyingine.

Kipimo cha madini kama risasi au arseniki kina chupa yake peke yake. Hiyo hutiwa tindikali ya naitriki mpaka pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali, ishuke chini ya 2, kwa sababu madini hupenda kung'ang'ania ukuta wa chupa. Usipoyabandua, mashine itapima maji na kuyaacha madini ukutani. Lakini tindikali hiyohiyo inaua bakteria wote. Ukiambiwa ulete chupa mbili, basi, usidhani unakamuliwa.

Saa nazo zina amri. Sampuli ya bakteria hukaa kwenye boksi la barafu, gizani, na inatakiwa ianze kupimwa ndani ya saa 6 tangu ichotwe ikiwezekana, na isivuke saa 24. Hili tulijifunza kwa aibu tulipoanza. Tulifika maabara Ijumaa alasiri na chupa 12, tukiwa tumejipongeza kwamba tumewahi. Fundi sanifu akatutazama kwa huruma, akatuonyesha jinsi kazi inavyokwenda: maji huchujwa kwenye utando wenye matundu ya mikromita 0.45, utando hulazwa juu ya lishe ya kuoteshea bakteria, huingizwa kwenye kabati la joto, na kesho yake mtu anakaa na kuhesabu vidoa vya njano vilivyoota, kimoja kimoja. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nani angehesabu? Tangu siku hiyo chupa za bakteria tunazipeleka Jumatatu mpaka Jumatano, basi.

Hata utaratibu wa kuchota ni sehemu ya kipimo, na mfano tunaoupenda ni wa mji wa Flint, Marekani. Wakazi wa pale walikuwa wakilalamikia maji yao tangu chanzo kilipobadilishwa Aprili 2014. Mwaka 2015 watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, wakiongozwa na Profesa Marc Edwards, waliwapelekea vifurushi 300 vya chupa. Kila kifurushi kilikuwa na chupa tatu: ya kwanza ijazwe maji yaliyolala bombani saa 6 au zaidi, ya pili yakishatiririka sekunde 45, ya tatu yakifika dakika 2. Maji ya kwanza yanakupa habari za bomba na koki za ndani ya nyumba. Yanayofuata yanakuja na habari za bomba la kutoka barabarani. Ukichanganya chupa hizo kwenye ndoo moja, umeitupa ramani. Wakazi walichota wenyewe, wakafuata maelekezo, na risasi ikaonekana kwenye maji ambayo wakuu walikuwa wakisema hayana neno. Mtaalamu aliandika maelekezo, raia akaamka alfajiri kabla mtu yeyote nyumbani hajafungua bomba.

Sasa kalenda

Taasisi ya utafiti ya chuo kikuu haikujengwa kwa ajili ya chupa za watu. Ilijengwa kutafiti na kufundisha, na huduma kwa umma ndiyo kifungua mimba wa mke mdogo: yumo nyumbani, ila hakai mbele. Mashine nyingi kubwa zilikuja kwa ruzuku ya mradi fulani. Mtu aliandika andiko, likakataliwa, akaliandika upya, likapita, mashine ikaletwa. Mradi ule una ahadi kwa mfadhili na tarehe ya kukabidhi ripoti. Chupa yako inapenya katikati.

Kwa hiyo mwaka wa taasisi una misimu. Miezi michache kabla ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho kukabidhi tasnifu zao, kila meza ina mtu na kila mtu ana haraka. Ni kipindi kibaya cha kuleta sampuli ya dharura, na ni kizuri sana cha kuomba ushauri, maana profesa yupo chuoni. Kisha unakuja msimu wa uwandani. Watafiti wanarudi na mifuko ya udongo kwa mamia, na udongo huo wote lazima uanikwe ukauke kwa hewa, upondwe na kuchekechwa kwenye matundu ya milimita 2 kabla mashine yoyote haijauona. Ukileta udongo wako wiki hiyo, utasubiri nyuma ya magunia. Mwisho wa mwaka wa fedha kitendanishi kimoja, yaani kemikali ya kupimia, kinaweza kuisha na ununuzi ukasimama mpaka bajeti mpya ifunguliwe. Kipimo kimoja kinafungwa huku vingine vikiendelea, na mteja anaona uzembe.

Kuna pia siku za ukaguzi. Maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji ambacho toleo lake la sasa ni la 2017, hukaguliwa na watu wa nje wanaotaka kuona daftari la joto la jokofu, sahihi ya aliyepima, na ushahidi kwamba mizani iliyotumika ilihakikiwa. Siku hizo dirisha la wateja hufungwa au hubaki nusu. Sisi binafsi hufurahi tukikuta maabara iko kwenye ukaguzi. Inayotutia wasiwasi ni ile isiyokaguliwa na mtu.

Lakini kinachochelewesha majibu kuliko hayo yote ni kusubiri kundi la sampuli litimie. Mashine ya plazma inayopima madini inakunywa gesi ya agoni takriban lita 15 kwa dakika, na ikiwashwa huachwa kama nusu saa itulie. Kabla ya chupa yako kuguswa hupitishwa maji yasiyo na kitu, kuona kama mashine yenyewe ni safi. Hufuata miyeyusho ambayo viwango vyake vinajulikana, halafu sampuli ya rejea ambayo jibu lake lipo tayari kwenye cheti. Katikati ya safari sampuli moja hurudiwa, kuona kama itasema kile ilichosema mwanzo. Kazi hiyo ni ileile chupa ikiwa 1 au zikiwa 40. Hakuna fundi atakayeiwasha kwa ajili ya chupa moja, na tusingependa aiwashe.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: njoo na majirani. Visima vinne au vitano vikichotwa asubuhi moja tunajaza sehemu nzuri ya kundi, na mkilinganisha majibu mtajua kama tatizo ni la kisima chako au la mtaa mzima. Jibu la kisima kimoja halikuambii hilo kamwe.

Ripoti ya mwaka si ya wakubwa tu

Taasisi nyingi hutoa ripoti ya mwaka, na sisi tunaisoma kama wengine wanavyosoma msimamo wa ligi. Utangulizi wa mkurugenzi ruka, picha za wageni ruka. Nenda kwenye orodha ya miradi inayoendelea na mada za wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Kikundi kimoja cha wateja wetu kilikuwa na wasiwasi wa floraidi, na kwenye orodha hiyo tukaona mwanafunzi wa uzamivu anatafiti floraidi kwenye visima virefu. Tulimwandikia barua pepe. Yeye alikuwa anatafuta visima, wao walikuwa wanatafuta kipimo. Visima vyao vikaingia kwenye utafiti na kupimwa zaidi ya mara moja kwa mwaka, jambo ambalo sisi tusingeweza kuwafanyia.

Huko Uholanzi, tangu miaka ya 1970, baadhi ya vyuo vikuu vilifungua ofisi maalumu ambako kikundi cha raia huleta swali lake na wanafunzi hulifanyia utafiti chini ya mwalimu. Si kila chuo kina dirisha la namna hiyo, lakini barua yenye swali lililonyooka hujibiwa mara nyingi kuliko unavyotarajia. Na si maji tu. Mdudu usiyemjua shambani, mmea ulioota ghafla malishoni, kumbukumbu za mvua za miaka iliyopita: taasisi zenye idara hizo zina watu ambao hufurahi kuulizwa. Siku ya maonyesho ya wazi ndiyo njia rahisi ya kuwajua kwa sura.

Majibu yametoka

Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi na mteja, maana karatasi haisemi "maji ni salama". Inataja namba, na chini kabisa ina sentensi inayosema matokeo yanahusu sampuli iliyopokelewa tu. Wateja huiona kama ujanja wa mawakili. Ni ukweli mtupu: maabara haikukiona kisima chako, iliona chupa.

Mama mmoja alitupigia akicheka kwa furaha, naitreti yake ilikuwa 14 na alikuwa amesoma mahali kwamba kikomo ni 50. Tukamwomba atusomee neno lililofuata namba. Palikuwa na herufi N. Maana yake maabara imehesabu naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti, wala si naitreti yenyewe. Kikomo cha 50 cha Shirika la Afya Duniani ni cha naitreti nzima, miligramu kwa lita. Ukikihesabu kwa naitrojeni kinakuwa kama 11. Hiyo 14 yake ilikuwa sawa na naitreti 62. Nyumbani kulikuwa na mtoto wa miezi miwili anayekorogewa maziwa ya unga, na watoto wa umri huo ndio wanaodhurika zaidi na naitreti. Alibadilisha maji ya mtoto siku ileile.

Kuna na mtego wa kizio, yaani lile neno linalofuata namba, kama miligramu au mikrogramu. Kikomo cha risasi ni mikrogramu 10 kwa lita, yaani miligramu 0.01. Herufi moja ya kizio ikipotea machoni, umekosea mara elfu. Na ukiona "haikugundulika", usisome sifuri. Soma kwamba ipo chini ya uwezo wa mashine ile kuiona, na uwezo huo uwe umeandikwa pembeni. Floraidi ya miligramu 1.4 kwa lita, kujumlisha au kutoa 0.2, haijavuka kikomo cha 1.5 wala haijakikwepa. Hiyo tunashauri ipimwe tena msimu mwingine.

Ukitupigia tutakuuliza kisima kinaenda chini mita ngapi, kiko umbali gani na choo, na unataka kujua nini hasa, kwa sababu "nipimieni kila kitu" hakuna maabara itakayoipokea. Kisha tutaangalia kundi linaondoka lini na tutakuletea chupa mbili. Ile ndogo ina unga kidogo chini. Usiisuuze.