Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: nani atalipia tope la mitaroni?

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Nakuandikia wewe, si wenzako wa maji na mazingira, kwa sababu wao tatizo hili wanalijua fika. Kinachokosekana kiko mikononi mwako.

Bajeti ikisomwa, maji ya mvua hutajwa kwa jambo moja tu, mafuriko. Hutengwa fedha za mitaro mipana na makalavati makubwa ili maji yaondoke barabarani upesi. Sina ugomvi na hilo. Nyumba ikifurika hakuna anayeuliza kama maji yenyewe ni safi. Lakini yakishaondoka yanakwenda wapi, na yamebeba nini? Mtaro wa mvua kwa kawaida haupiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha. Kilichodondoka barabarani ndicho kinachotokea mtoni, ziwani au baharini.

Anayetaka kuhakikisha achukue chupa mbili za kioo. Moja akingie maji mdomoni mwa mtaro mara tu yanapoanza kutiririka, hasa mvua ikiwa imenyesha baada ya ukame mrefu. Ya pili akingie mvua ikishapiga saa nzima. Ya kwanza huja nyeusi, ina utando wa mafuta juu, na ikilala usiku kucha huacha tope zito chini: vumbi la matairi, shaba ya breki, zinki iliyotoka kwenye mabati, mbolea, kinyesi cha wanyama. Ya pili mara nyingi huwa na afadhali kubwa. Kwako wewe mtu wa hesabu, hii ni habari njema. Mvua ya milimita 20 ikinyesha kwenye hekta moja ya lami ni lita 200,000, na hakuna halmashauri itakayozisafisha zote. Haihitaji. Ikiyakamata maji ya mwanzo kwenye bwawa dogo la kutuamisha, au kwenye bonde lililopandwa majani juu ya mchanga, uchafu mwingi umeshabaki hapo.

Na uchafu huo unaua. Kwa miaka mingi kwenye vijito vya eneo la Seattle, Marekani, samoni aina ya coho walikuwa wakipanda kutoka baharini kwenda kutaga, mvua ikinyesha wanakufa kabla hawajataga. Mwaka 2020 watafiti walimtaja muuaji: kemikali inayotokea pale dawa ya kukinga mpira wa tairi usipasuke inapokutana na ozoni ya hewani. Hakukuwa na kiwanda kinachomwaga sumu usiku. Ni magari ya watu tu, yanakwenda kazini na kurudi. Ndiyo maana ile kanuni ya anayechafua alipe inagonga mwamba hapa. Utamshitaki nani?

Jibu tunalopewa siku zote ni kwamba hii ni kazi ya halmashauri. Kwa mgawanyo wa majukumu huenda ni kweli, lakini hesabu inakataa. Halmashauri iliyo juu ya mto ikitumia fedha zake kuchuja maji, anayefaidi ni jirani wa chini, yaani mvuvi, mkulima na mtambo wa maji ya kunywa. Diwani gani atasimama mbele ya wapiga kura wake awaombe walipie samaki wa wilaya nyingine? Simlaumu hata kidogo. Faida ikivuka mipaka, mfuko wa wote ndio unaopaswa kuchangia.

Na si jambo geni. Marekani waliingiza maji ya mvua ya mijini kwenye sheria yao ya maji safi kwa marekebisho ya mwaka 1987, na marekebisho hayohayo yakaanzisha mifuko ya mikopo. Serikali kuu hutia mtaji, jimbo huongeza asilimia 20, halmashauri hukopa kwa riba nafuu, na marejesho hukopeshwa tena. China mwaka 2015 ilichagua miji 16 ya majaribio na kuipa ruzuku ili ardhi yake inywe mvua badala ya kuikimbiza. Ujerumani, manispaa nyingi hutoza ada kulingana na ukubwa wa paa na uwanja uliosakafiwa. Changanya upendavyo, mimi ningeanza na mikopo, ruzuku nikaiachia halmashauri zisizokopesheka.

Lakini kuna mtego ambao naomba sana usiuingie. Ruzuku za miradi hulipia zege na sherehe ya kukata utepe, kisha zinaishia hapo. Shimo la kunasa mchanga likijengwa leo, litajaa. Likishajaa, mvua kubwa inayofuata inalichota lile tope la zamani lote na kulipeleka mtoni kwa mkupuo mmoja. Na tope lenyewe halizolewi kwa koleo na kumwagwa shambani, maana lina metali ndani yake. Linataka gari la kunyonya, dampo linaloruhusiwa, na vibarua wenye mabuti na glavu wanaolipwa kwa wakati. Hiyo ni gharama ya kila mwaka, na haina picha nzuri. Sijawahi kusikia mgeni rasmi akialikwa kwenye uzoaji wa tope.

Kwa hiyo ninachoomba ni fungu la ubora wa maji ya mvua lisilohamishiwa matumizi mengine, na mradi wowote usipate hata senti mpaka halmashauri ionyeshe nani atazoa, mara ngapi kwa mwaka, na kwa fedha zipi mradi ukishakabidhiwa. Fungu hilo liruhusiwe kulipia hata ufagiaji wa barabara kabla ya msimu wa mvua, kazi ambayo wahandisi huidharau ingawa vumbi lililofagiwa halihitaji kuchujwa. Lilipie pia upimaji wa maji kabla na baada ya mradi, vinginevyo miaka mitano ijayo tutabaki kuhesabu mita za mtaro. Tena kila barabara mpya inayojengwa kwa fedha za serikali iwe na sehemu ya gharama yake iliyowekwa kwa ajili ya maji yatakayoteremka humo.

Ahadi ya kwenye hotuba haitanitosha, Mheshimiwa. Nitaitafuta kwenye kitabu cha makadirio, kwenye kifungu chenye namba yake.

Wako mtiifu,
Mlipakodi