Ahsante, fundi bomba wa Shela, Malindi

Choo kilikuwa kikigugumia kila bafu likimwagwa maji, uani harufu, na kaskazi yote hii ukanda mmoja wa nyasi umebaki mbichi. Majirani wakasema tangi la maji taka limejaa, liitwe gari la kulinyonya. Wewe ulifunua chemba kwanza, yaani vishimo vyenye mifuniko kwenye njia ya bomba la maji taka: ya karibu na nyumba imefurika, ya karibu na tangi ni kavu. Basi ubovu uko katikati! Ukachimba penye nyasi tu, ukakuta mizizi ya mwarobaini imepenya kwenye kiungo cha bomba. Ukakata kipande, ukaunga bomba la inchi 4, mteremko sentimita 2.5 kila mita, ukalilaza juu ya mchanga, si mawe ya matumbawe yanayolipasua. Ukajaribu kwa ndoo kabla ya kufukia. Ulichopokea ni bei ya bomba na gundi. Jamani, funueni chemba kabla ya kulipia gari.