Wifi yangu, usiseme "ni umri tu"

Wifi yangu,

Juzi kwenye arobaini nilikuona. Watu walipoinuka kunawa mikono, wewe ulibaki mkekani, umejifunga kanga mbili juu ya dera, ukiniomba kwa macho nikae nyuma yako. Tukaenda hivyo mpaka uani, nimekuziba mgongo. Mlangoni ukaninong'oneza, "Ni umri tu, wifi." Sikukujibu, kulikuwa na watu. Nakujibu leo, bila jina lako, maana wenye hali hiyo ni wengi na wote wamenyamaza.

Umri umo, sikatai. Una miaka 46, homoni zimeanza kuyumba. Ndiyo maana unaona siku zako baada ya wiki tatu, kisha miezi miwili kimya, kisha damu inarudi na mabonge. Hali hiyo huchukua miaka kadhaa. Hedhi huhesabiwa imekoma pale tu inapopita miezi 12 mfululizo bila tone, na kabla ya hapo mimba bado inaweza kuingia.

Lakini hata mimi nilisema ni umri. Aliyenipokea zahanati naye akasema hivyo hivyo, akanipa dawa ya maumivu nikarudi nyumbani. Miezi saba nabadilisha pedi kila saa, nikichota ndoo moja tu moyo unanienda mbio. Nilipopimwa kwingine, wingi wa damu ulikuwa 7.4, wakati mwanamke anatakiwa afike 12. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe mdogo kwenye ukuta wa kizazi. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma (nikakatazwa kuvishushia na chai, na wewe chai unavyoipenda!), baadaye nikawekewa kitanzi chenye homoni. Leo napanda ngazi bila kupumzika.

Kwa hiyo pedi ikijaa ndani ya saa moja, mara mbili mfululizo, au damu ikipita siku 7, au ikitoka katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa, usingoje. Vivyo hivyo ikija hata tone moja baada ya ule mwaka mzima wa kimya. Waangalie kizazi na mlango wake. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake hapa Tanzania, na kile kipimo cha kupaka siki ni cha dakika chache.

Na lile la pili, la kukauka na kuwaka moto ukeni, hata kaka yangu anadhani umemchoka. Wifi, shabu achana nayo. Na ndimu, na sabuni ya manukato, na kujifukiza. Estrojeni, ile homoni ya kike, ikipungua, ngozi ya mle ndani huwa nyembamba. Shabu inaizidishia ukavu na kuichubua. Osha nje tu, kwa maji matupu. Duka la dawa ulizia kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi yanalainisha, ila yanaharibu kondomu. Ikishindikana, kuna krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, lakini kwanza daktari ajue hiyo damu inatoka wapi.

Alhamisi nakupitia saa moja asubuhi. Kuanzia leo andika kwenye daftari tarehe za damu na idadi ya pedi kwa siku, daktari atakuuliza. Kaka, ukiniruhusu, nitaongea naye mimi mwenyewe.

Wifi yako