Sisi wenye watoto wa chini ya miaka minne tuombe wapi pesa za chakula?

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo kwa gazeti lako nilitoe hili, manake nishazunguka nalo ofisi mpaka soli ya kiatu imeisha.

Mimi nina deikea hapa Mikindani, vyumba viwili vya kukodi na kibaraza, watoto 23, wa kuanzia miezi minane mpaka miaka mitatu na kitu. Mama zao wengi ni wa EPZ, vile viwanda vya kushona nguo za kuuza nje, saa kumi na mbili asubuhi mtu ashaniwekea mtoto mikononi na nepi mbili ashakimbia, wengine wanafua nguo za watu Nyali, wawili wanauza samaki. Nalipisha shilingi 100 kwa siku na hiyo 100 ndo kodi, ndo mkaa, ndo mshahara wa msichana anayenisaidia, halafu kinachobaki ndo chakula. Mama asipolipwa na mimi silipwi, lakini mtoto huwezi kumwambia subiri mwisho wa mwezi.

Bakuli zangu za uji nilinunua Kongowea, za plastiki, zina picha ya samaki ndani chini kabisa. Tarehe 5 uji wa wimbi uko mzito, nimetia maziwa na kijiko cha njugu za kusaga, huyo samaki haonekani mpaka mtoto alambe amalize. Ikifika tarehe 20 hivi njugu hakuna, maziwa ni ya kugusisha tu, na tarehe 27 uji ukiuteka tu unamuona samaki na magamba yake. Watoto washajua. Kuna mmoja kabla hajanywa anachungulia kwanza, anasema "samaki ashakuja", wenzake wanacheka, mimi najifanya naosha sufuria.

Sasa mwaka jana nikaskia serikali inatoa pesa za chakula cha watoto wadogo, nikafunga safari mpaka ofisi moja hapa mjini, jina sitaji. Wakaniambia lete permiti ya biashara, PIN ya KRA ya mambo ya ushuru, ripoti ya afisa wa afya, na vyeti vya afya vya wanaopika. Sikubisha na hata leo sisemi ni makosa, anayepikia watoto wa watu lazima apimwe. Ila cheti chenyewe ni cha miezi sita na mimi nilizungushwa miezi saba, kwa hivo mimi na yule msichana tukapimwa mara mbili, tukalipa mara mbili, kwa ombi hilo hilo moja. Siku ya kujaza fomu ndo ikafika. Cha kwanza, namba ya usajili ya shule. Sina, mimi si shule. Cha pili, idadi ya wanafunzi kwa kila darasa. Wanafunzi gani, kuna wangu hawajaanza kutambaa! Yule kijana wa kwa meza, mpole tu mtoto wa watu, akanitazama akasema, "Mama, hawa wako hawako kwa sistimu. Wakifika miaka minne wapeleke chekechea, huko watapata." Nikamuuliza, na mpaka wafike hiyo minne wale nini? Akacheka kidogo akasema, "Hapo sasa."

Hapo sasa ndo nataka tuzungumze. Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, pale inapotaja kazi za kaunti, elimu ya chekechea na vituo vya kulea watoto viko kwa kipengee kimoja, havikutengana hata kwa nukta. Sikuambiwa na wakili, nimejisomea kwa simu watoto wakiwa wamelala. Na kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya lishe ya kimsingi, kila mtoto, hakikusema kila mwanafunzi. Halafu nenda kliniki yoyote nesi atakwambia siku 1,000 za kwanza, tangu mimba mpaka mtoto afike miaka miwili, ndo ubongo na mwili vinajengwa, akidumaa hapo kumrudisha ni shughuli. Ule utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulipata watoto 18 kwa kila 100 wa chini ya miaka mitano Kenya wamedumaa. Sa mpango wa kuanza kumlisha akifika minne ni mpango gani huo, si ni kama kumwagilia mche ushakauka?

Na wasituambie serikali haiwezi kulisha watoto. Sisi wa umri wangu tumekunywa maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti ya pembe pembe, Moi aliyaanza 1979. Juzi juzi tu, 2023, Nairobi wameanza Dishi na Kaunti, mzazi analipa shilingi tano mtoto anapata sahani ya moto. Vizuri sana. Lakini yote hayo yanaanzia geti la shule, wangu bado wako mgongoni.

Mdogo wangu wa kike anafanya kazi kituo cha watoto Minneapolis, Marekani. Nilipomsimulia akanyamaza kwa simu nikadhani krediti imeisha. Kule wana mpango wa serikali wa chakula unaitwa CACFP, ulianza 1968, na ni wa vituo kama changu hasa. Kituo kinaomba kwa idara ya jimbo, kikikubaliwa kinaandika kila siku nani kaja na nani kala nini, mwisho wa mwezi kinapeleka hesabu na kulipwa kwa kila mlo, kiasi kinategemea kipato cha familia ya mtoto. Milo miwili na kitafunio kimoja kwa siku, na mtoto mchanga yumo. Hata kituo cha biashara kinaingia, ili mradi angalau robo ya watoto wake wawe wa familia za kipato cha chini. Na wale wanaolea watoto nyumbani kwao hawahangaiki na ofisi peke yao, wanapitia kwa shirika linalowasimamia, wao wanaliita sponsa, ndo linakuja kukagua jikoni na ndo linapeleka hesabu zao. Sasa fikiria, mama anashona suruali hapa EPZ, suruali inapanda meli Kilindini inafika Marekani, mtoto wa huko anaivaa huku anakula chakula cha serikali yake, na mtoto wa aliyeishona anaangalia samaki kwa bakuli.

Sisemi tuige kila kitu. Ile ya kulisha kwanza ulipwe baadaye hapa itatuua, mwenye duka ninalokopa unga hangoji hesabu ya miezi mitatu, na watu waliouzia serikali vitu wanavyosubiri malipo sote tunawajua. Mimi ningependa tupewe vyakula vyenyewe mwanzo wa mwezi, unga wa wimbi, pojo, mafuta, maziwa ya unga, kwa idadi ya watoto walioandikwa. Lakini hiyo ya sponsa tuichukue leo leo. Vituo kumi vya wadi moja viwekwe pamoja chini ya shirika moja linalojua kuweka hesabu, ofisi ikague hilo moja badala ya kutukimbiza sote na faili kumi.

Naandika saa hii kwa sababu makadirio ya bajeti yanatakiwa yawe bunge la kaunti kufikia 30 Aprili na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, ukichelewa hapo umengoja mwaka mzima. Kwa baraza la maoni la mwisho nilienda, tukapewa soda, tukasaini karatasi, barabara zikazungumzwa kwa muda wa saa mbili, nikainua mkono mpaka ukafa ganzi.

Mimi daftari nishalianza, kila asubuhi naandika aliyekuja, aliyekula, na uji ulikuwa na nini ndani. Wenzangu watano wa Mikindani na Miritini nao wameanza. Wanaohusika watujibu hapa hapa kwa gazeti: ofisi ni ipi, na ile fomu yenye nafasi ya kuandika mtoto wa miezi minane itatoka lini?

Mwenye deikea,
Mikindani, Mombasa